Nyanya za uani: dumu, kiroba au mtungi?

Msomaji mmoja wa Tabata, Dar es Salaam, ameniandikia hivi:

"Shikamoo mtaalamu. Nimepanga vyumba viwili, uani kwetu ni sakafu ya saruji tupu. Mwezi wa kwanza nilipanda nyanya kwenye makopo meusi ya rangi ya lita 4, miche miwili kila kopo. Ilistawi vizuri, ikatoa maua, kisha maua yakapukutika. Nyanya chache zilizoshika ziliingia weusi kitakoni zikaoza. Nataka kujaribu tena. Nina dumu la njano la mafuta ya kula la lita 20, viroba vya mchele, tairi la gari, beseni lililopasuka, na mtungi wa mama mkwe uliovunjika shingo. Natoka saa kumi na moja alfajiri kwenda kazini, narudi saa mbili usiku. Maji yetu ni ya kisima, yana chumvi kidogo. Nitumie chombo kipi? Na ule udongo wa zamani naweza kuurudishia?"

Marahaba, mwanangu. Umenisaidia sana kutaja saa unayotoka, saa unayorudi na maji unayotumia. Wengi huuliza "chombo gani kizuri kwa nyanya" wakaishia hapo, na mimi nabaki sijui niwajibu nini, kwa sababu chombo kinachomfaa mama anayeshinda nyumbani kinaweza kukuulia miche wewe unayeshinda kazini. Kwa hali yako, anza na dumu la njano, viroba vifuate, na kila chombo kiwe na mche mmoja tu. Sababu zake nakueleza kwa urefu, maana siku dumu likikosekana zitakusaidia kuchagua kingine mwenyewe.

Turudi kwanza kwenye makopo yako. Kama hujayamwaga, chukua moja, lipindue, ligonge kitako mpaka udongo utoke mzima kama keki. Tazama pembeni. Mizizi itakuwa imejizungusha ukutani mwa kopo, imebanana kama ukili uliosukwa, huku katikati ya udongo ikiwa michache. Upande uliokuwa ukipigwa na jua la alasiri mizizi itakuwa ya kahawia, na ukiuvuta mmoja ganda linachomoka, unabaki na uzi mkononi. Hiyo ni mizizi iliyokosa pa kwenda na kuchemka kwa joto, mizizi ya miche miwili ikigombea kopo moja.

Sasa piga hesabu ya maji. Kopo la lita 4 likijazwa linabeba kama lita 3 na nusu za udongo. Udongo mzuri unaweza kushika maji ambayo mche unayafikia kiasi cha robo ya ujazo wake, kwa hiyo kopo lako lina akiba isiyofika lita 1. Mnyanya mkubwa wenye matunda, kwenye jua la Dar, unaweza kunywa lita 2 kwa siku na zaidi. Wewe ulikuwa na miwili humo. Hata kama ulimwagilia vizuri alfajiri kabla ya kutoka, ilipofika saa nne au saa tano asubuhi udongo ulikuwa umekauka, na miche ikakusubiri mpaka saa mbili usiku.

Hapo ndipo weusi wa kitakoni ulipotokea. Wataalamu wa mboga tunauita kuoza kitako, na wengi hudhani ni ugonjwa wa kuvu, wakanunua dawa ya kupuliza. Si kuvu. Tunda limekosa madini ya kalsiamu wakati linakua. Kalsiamu husafiri ndani ya mmea pamoja na maji, na maji huvutwa zaidi na majani kuliko matunda, kwa sababu majani ndiyo yanayotoa mvuke. Maji yakipungua, majani yanapata kidogo, tunda linapata kidogo zaidi, na kitako cha tunda, ambacho kiko mbali kuliko sehemu zote, kinakosa kabisa. Utaambiwa uongeze maganda ya mayai au chokaa. Mara nyingi kalsiamu imo tele kwenye udongo, ila njia ya kuifikisha kwenye tunda imekatika kila siku mchana. Dawa yake ni chombo chenye akiba ya maji ya kutosha, na umwagiliaji usiorukaruka.

Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya chombo chochote liwe hili: kitatunza maji ya mche mpaka nitakaporudi? Kwa nyanya fupi kama Roma, Cal J, Tanya au Rio Grande, ambazo hufika kimo fulani zikaacha kurefuka, usishuke chini ya lita 15, na 20 ni bora. Kwa nyanya ndefu kama Moneymaker au Anna F1, ambazo hazikomi kupanda juu, lita 20 ndiyo mwanzo, na 30 au 40 zinakufaa zaidi wewe usiyekuwepo mchana. Ushauri wangu, safari hii panda fupi. Zinahitaji fito moja tu ya kuegemea na hazikudai uzipogolee kila wiki.

Ujazo peke yake hautoshi. Beseni lako linaweza kubeba lita 20 pia, na bado nakukataza. Jaribu jambo dogo jikoni kwako: chukua sponji la kuoshea vyombo, lilowe kabisa, uliweke bapa juu ya kiganja mpaka liache kudondoka. Sasa ligeuze lisimame wima. Utaona maji yanaanza kudondoka tena, na hukulikamua. Udongo ndani ya chombo una tabia hiyohiyo. Chini kabisa hubaki tabaka la matope ambalo maji yake hayatoki hata matundu yawe mengi, na unene wa tabaka hilo hutegemea aina ya udongo, haujali chombo ni kirefu au kifupi. Kwenye dumu lenye kimo cha sentimita 35 mizizi ina nafasi kubwa ya kupumua juu ya tope. Kwenye beseni la sentimita 15 karibu nusu nzima ni tope, na juu yake palipobaki panakauka upesi kwa sababu mdomo wa beseni ni mpana. Mche unazama chini na kukauka juu siku hiyohiyo. Beseni panda mchicha, utakushukuru. Kwa nyanya tafuta kimo cha sentimita 30 au zaidi.

Kutokana na jaribio hilohilo utaelewa kwa nini nakuomba usiweke kokoto chini ya chombo. Najua karibu kila mtu hufundishwa hivyo: kokoto kwanza, udongo baadaye, eti maji yapite. Maji hayaingii kwa urahisi kutoka kwenye udongo laini kwenda kwenye mawe yenye mianya mikubwa; hujikusanya juu ya mawe mpaka udongo ulowe kabisa, ndipo yadondoke. Tope halijaondoka, limepandishwa juu, karibu na mizizi, na umepoteza sentimita 5 au 10 za udongo ambazo umezigharimia. Weka kipande cha chandarua cha zamani juu ya matundu ili udongo usitoke, kisha jaza udongo mpaka juu.

Tuje kwenye vitu vyako kimoja kimoja.

Dumu la njano ndilo nililolipenda. Plastiki yake ni nene, inahimili jua kwa muda mrefu, na rangi yake haivuti joto kama weusi. Geuza kitako utazame alama ya pembetatu ya mishale. Ukikuta namba 2 au 5 ndani yake, hiyo ni plastiki inayotumika sana kuhifadhia vyakula, haina shida. Likate juu, chini kidogo ya mkono wa kubebea, ukilisimamisha wima. Wapo wanaolilaza na kulitoboa ubavuni. Umbo hilo linapendeza ila umeligeuza kuwa beseni. Lioshe kwa maji ya moto na sabuni mara mbili, mpaka vidole visiteleze, kwa sababu mafuta yaliyobaki huzuia udongo kulowana. Ukitafuta madumu mengine, wauza chipsi na mama lishe huwa nayo. Ila hakikisha umejua kilichokuwemo. Dumu lililobeba dizeli, asidi ya betri au dawa ya wadudu usilipokee hata ukipewa bure, na usijidanganye kwamba kuosha kunatosha. Watoto wako watakula nyanya hizo.

Viroba vya mchele ni vizuri kuliko watu wanavyodhani. Kiroba cha kilo 25, ukikikunja mdomo mara mbili kwa nje ili kisimame, kinabeba lita 25 hadi 30 za udongo bila taabu. Maji yanapita, hewa inaingia, mizizi ikifika ukutani inakutana na hewa kavu, ncha inakoma, inatoa vijitawi badala ya kujizungusha. Rangi nyeupe inarudisha jua. Ubaya wake ni mmoja: jua linakila. Nyuzi zinaanza kunyambuka, na ukija kukishika masikio kukisogeza kikiwa kimelowa, kinachanika na mche unalala chini. Kwa hiyo tumia viroba viwili, kimoja ndani ya kingine, kiweke mahali pake kabla hujajaza, na usikiguse tena mpaka msimu uishe. Hesabu kiroba kuwa ni cha msimu mmoja. Na kwa kuwa kinapumua pande zote, kinakauka upesi kuliko dumu. Kwako wewe kisipungue lita 25.

Mtungi wa mama mkwe unanipa mawazo mawili. Unajua kwa nini maji ya mtungi ni baridi? Kwa sababu udongo uliochomwa unatoa jasho, na jasho likikauka linaondoka na joto. Mizizi ndani ya mtungi inapata ubaridi uleule, na katika mji wetu hilo si jambo dogo. Lakini jasho hilo ni maji ya mche wako. Chungu cha udongo kinataka mtu wa kukimwagilia asubuhi na alasiri, na wewe alasiri haupo. Isitoshe, maji ya chumvi yakipita ukutani huacha ukoko mweupe, na baada ya muda ukuta unameguka. Kwa hiyo usiutoboe. Uweke penye kivuli, juu ya kata, na shingo ikiwa imevunjika yote ukabaki mdomo mpana, panda mnanaa ambao utauchuma kwa chai. Nyanya usiiweke humo.

Tairi naomba uliondoe kabisa, hata kwa maua. Ni jeusi, linachemka. Mpira wake hutengenezwa kwa kuchanganywa na madini ya zinki, ambayo huvuja kidogo kidogo likizeeka, na mimi sipandi chakula humo. Kubwa zaidi ni mbu. Mkunjo wa ndani wa tairi hushika maji ambayo huyaoni, na mbu aina ya Aedes, anayeuma mchana na kueneza homa ya dengue, anapenda mahali kama hapo. Dar es Salaam tulipata mlipuko wa dengue mwaka 2014, ukarudi 2019. Kwa sababu hiyohiyo usiweke visahani chini ya vyombo vyako vikabaki na maji yaliyotuama.

Na yale makopo meusi? Yatunze kwa miche, kama rangi iliyokuwemo ilikuwa ya maji na yameoshwa yakatakata. Mche wa wiki 2 ukiuhamishia humo kutoka kwenye kitalu, utakaa wiki nyingine 2 ukijenga mizizi kabla ya kuingia kwenye dumu. Ukiuhamisha, uzike mpaka karibu na majani ya kwanza. Shina la mnyanya likifunikwa udongo hutoa mizizi mipya, na kimo cha dumu kinakuruhusu kufanya hivyo.

Matundu sasa, na hapa maji yako ya chumvi ndiyo yanayoamua. Kwa mtu mwenye maji yasiyo na chumvi anayeshinda kazini, ningemshauri atoboe ubavuni, sentimita 4 juu ya kitako, ili pale chini pabaki akiba ya maji ambayo udongo utaivuta mchana. Kwako sishauri. Kila unapomwagilia maji ya kisima, mche unakunywa maji na kuiacha chumvi, na chumvi hiyo isipopata pa kutokea inajilimbikiza mpaka kingo za majani ziungue na matunda yawe madogo. Nyanya huvumilia chumvi kidogo tu. Toboa kitakoni, matundu 8 ya upana wa kalamu ya wino, manne karibu na kona na manne katikati, kwa msumari uliopashwa moto, ukifanyia nje penye upepo kwa sababu moshi wa plastiki haufai kuvutwa. Nyanyua dumu juu ya vipande vitatu vya tofali. Likikaa bapa juu ya saruji, sakafu inaziba matundu yote na joto lake linapanda moja kwa moja kwenye mizizi. Kisha mara moja kwa wiki, siku usiyoenda kazini, mwagilia maji mengi mpaka yatoke chini kwa wingi, subiri kidogo, urudie. Kama siku hiyo unapata maji ya bomba au ya mvua, yatumie hayo. Ndiyo kuosha chumvi.

Dumu lililojaa udongo uliolowa linafika kilo 25 na zaidi, na hapo bado mche na matunda. Amua mahali kwanza. Patafute panapopata jua kwa muda wa saa sita kila siku, hasa la asubuhi. Alasiri jua likiupiga mche juu hakuna neno, lakini ukuta wa chombo ukinge: pakaza chokaa nyeupe kwa nje, au egemeza kipande cha bati au kiroba cheupe upande wa magharibi. Wengi hukosea wakaweka kivuli juu ya mche wakaacha dumu linaungua.

Udongo usiuchimbe tu barabarani ukaujaza. Udongo mtupu ndani ya chombo hushindiliwa na maji mpaka unakuwa tofali. Changanya ndoo 2 za udongo tifutifu, ndoo 1 ya samadi ya ng'ombe au mbuzi iliyooza ikawa haina harufu, na ndoo 1 ya pumba za mpunga au vumbi la makumbi ya nazi. Makumbi hushika maji vizuri sana, nami nayapenda kwa watu wa pwani, ila yaloweke na kuyasuuza mara mbili tatu kwa sababu yana chumvi yake. Wewe mwenye chumvi kwenye maji tayari, pumba zitakuondolea usumbufu huo. Juu ya udongo tandaza nyasi kavu unene wa vidole vitatu, zisiguse shina. Tandazo hilo peke yake linakuokolea maji mengi ya mchana.

Nisikufiche jambo moja ambalo chombo hakiwezi kulitibu. Maua yako yalipukutika kwa kiu, ndiyo, lakini pia kwa sababu ya mwezi uliochagua. Mnyanya hushindwa kushika matunda usiku ukiwa wa joto sana. Ukipita nyuzi 24 hivi, chavua inaharibika na ua linaanguka. Usiku wa Januari na Februari Dar es Salaam ni wa joto la nyuzi 25 au zaidi, kaskazi likivuma. Ungekuwa na pipa la lita 200 bado maua mengi yangeanguka. Sia mbegu mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei, mahali pasiponyeshewa na masika, uhamishie kwenye dumu mwisho wa Mei au mwanzo wa Juni. Maua yatafunguka Julai, kusi likivuma na usiku umepoa. Nakuhimiza usikilize hili kuliko yote niliyosema juu ya plastiki.

Kuhusu muda wako: mwagilia alfajiri kabla hujatoka, lita 2 kwa mche mdogo wa dumu, 3 hadi 4 ukishabeba matunda, polepole mpaka uone tone la kwanza likitoka chini. Usiku ukirudi, ingiza kidole chini ya tandazo mpaka kifundo cha pili. Kukiwa kukavu ongeza lita 1 kwenye udongo, usilowanishe majani. Kukiwa na unyevu acha. Watoto wakiwa wakubwa vya kutosha, mmoja mpe kazi ya kikombe kikubwa kimoja kwa kila mche saa nane mchana, utaona tofauti.

Mwisho, ule udongo wa zamani. Usiurudishie nyanya, wala bilinganya, wala pilipili hoho, maana hizo zote ni ukoo mmoja na magonjwa yao ni yaleyale. Kama miche yako haikunyauka ghafla, ulowe vizuri kuosha chumvi, uchanganye na samadi, upande mchicha au kunde kwenye lile beseni. Lakini kama kuna mche ulionyauka ukiwa bado wa kijani, asubuhi mzima na jioni umelala, kata kipande cha shina lake karibu na udongo, kitumbukize kwenye glasi ya maji safi na usikitikise. Subiri dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka kutoka kwenye mkato, huo ni mnyauko bakteria, na hauna dawa. Kopo lake lisugue, ulilaze kwenye maji yenye sehemu moja ya Jik kwa tisa za maji kwa nusu saa, ulianike juani. Udongo ule utoe uani kabisa, mbali na mboga za mtu yeyote.